Je, Wajua? Kukishika Si Kukimiliki

Je, wajua kwamba simu uliyoinunua jana kwa fedha zako halali, mchana kweupe, mbele ya watu, huenda si yako? Kama kijana aliyekuuzia aliichomoa kwenye mkoba wa abiria ndani ya daladala, mwenye simu ni yule abiria. Haijalishi kwamba wewe hukujua lolote, wala kwamba simu ilipita mikono mitano kabla ya kukufikia. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zilifuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zote zinasema jambo moja: mnunuzi hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji. Mwizi hana haki yoyote juu ya alichoiba, kwa hiyo akikuuzia amekuuzia hewa. Simu itarudi kwa mwenyewe, na fedha zako utamdai yeye mwizi, ukimpata.

Wizi na utapeli, hata hivyo, havifanani mbele ya sheria. Tuseme mwenye simu aliiuza mwenyewe kwa hiari, ila mnunuzi alimdanganya kwa muamala wa uongo. Tapeli huyo amepata umiliki wenye kasoro, unaoweza kutenguliwa. Akiwahi kukuuzia wewe usiyejua kitu kabla mwenye mali hajautengua, sheria inaweza kukulinda wewe. Mtu mmoja alinyang'anywa, mwingine alikabidhi kwa mkono wake. Machozi ni yale yale, haki ni tofauti.

Kukutwa na kitu cha wizi kuna hatari kubwa kuliko kupoteza fedha. Mahakama za Tanzania hutumia fundisho la kukutwa na mali iliyoibwa karibuni: ukishindwa kueleza umeipataje, mahakama inaweza kukuhesabu kuwa wewe ndiye mwizi. Mahakama ya Rufani imekwisha kuweka masharti manne. Mali iwe imekutwa kwa mshtakiwa. Mlalamikaji aitambue pasipo shaka kuwa ni yake. Iwe imeibwa karibuni. Na iwe ndiyo ile ile inayotajwa kwenye hati ya mashtaka. Sharti la pili ndilo linaloangusha kesi nyingi. Shahidi anasimama kizimbani, anaulizwa ataitambuaje televisheni yake, anajibu kwamba ni nyeusi na ni ya inchi 32. Wakili wa upande wa pili anamuuliza tu: "Za namna hiyo ziko ngapi mjini?" Hapo ndipo mtu huitamani ile namba iliyobandikwa nyuma ya kifaa, ambayo hakuwahi kuinakili, na ile risiti aliyofungia vitumbua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa hakika mahakamani msemo huo ni karibu sheria kamili.

Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15. Piga *#06# itajitokeza kwenye kioo. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia kwa kutumia namba hizo, na kabla ya siku hiyo wananchi waliambiwa wazitume kwenda 15090 ili wajue kama simu zao ni halisi. Kenya ilikuwa imetangulia, ilizima zake mwishoni mwa Septemba 2012. Wengi walichukulia namba ile kuwa ni ya kukagua ubandia tu. Kumbe ndiyo alama bora ya umiliki ambayo mtu wa kawaida amewahi kuwa nayo, na kuibadilisha ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Na ukiokota?

Mwaka 1722, jijini London, mvulana aliyefanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi aliokota kito. Akakipeleka kwenye duka la fundi mashuhuri wa fedha, Paul de Lamerie, ajue thamani yake. Msaidizi wa duka akakichukua, akajifanya anakipima uzito, na papo hapo akayachomoa mawe. Mvulana akaambiwa thamani yake ni vijisenti, apokee aende zake. Akakataa, akataka arudishiwe kito chake. Akarudishiwa fremu tupu. Mtoto yule, mwenye masizi mwili mzima, akamshitaki fundi, na akashinda. Mahakama ilisema mwokotaji hawi mwenye mali, lakini ana haki juu ya kile alichookota dhidi ya watu wote isipokuwa mwenyewe halisi. Kwa kuwa fundi hakuyatoa mawe, Jaji Mkuu Pratt aliwaelekeza wazee wa baraza wahesabu fidia kana kwamba yalikuwa mawe ya ubora wa juu kabisa yanayoweza kuenea kwenye fremu ile. Kesi hiyo ina zaidi ya miaka 300 na bado inafundishwa vyuoni, vikiwemo vya Afrika Mashariki. Ninaipenda kwa sababu inaonyesha kwamba sheria, ikitaka, inaweza kumtazama mtoto fukara na fundi tajiri kwa jicho moja.

Msemo wa mitaani kwamba cha kuokota ni halali kabisa hauna mguu wa kusimamia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania katika kifungu cha 258, na ile ya Kenya katika kifungu cha 268, zinamwangalia mwokotaji pale anapokigeuza kitu kuwa chake. Kama wakati huo hamjui mwenyewe, na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana, si mwizi. Noti iliyodondoka sokoni Kariakoo haina jina. Pochi yenye kitambulisho cha taifa na kadi ya benki ina mwenyewe anayejulikana kwa jina na sura, kwa hiyo anayetoa fedha na kuitupa pochi mtaroni ameiba, hata kama hakuingiza mkono mfukoni mwa mtu.

Waislamu wa pwani wamelijua jambo hili kwa undani zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Katika fiqhi kitu kilichookotwa huitwa luqata. Mwokotaji anatakiwa akariri alama zake, yaani mfuko wake ukoje na kamba yake imefungwaje, kisha akitangaze mwaka mzima mahali watu wanapokusanyika. Anayekuja kukidai hupimwa kwa alama hizo. Kondoo aliyepotea waweza kumchukua ukamtunza, maana ukimwacha ataliwa na mbwa mwitu. Ngamia aachwe alipo: ana miguu yake na maji yake tumboni, mwenyewe atamkuta. Uzuri wa mafundisho haya ni kwamba yanauliza kwanza kitu chenyewe kiko katika hatari gani, ndipo yaamue kama mkono wako unahitajika.

Kipo kimoja usichopaswa kukiokota ukakiweka nyumbani hata kwa nia njema: pembe ya ndovu. Warumi wa kale walisema mnyama wa porini hana mwenyewe mpaka atakapokamatwa. Tanzania imeamua vingine. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyama wote wa porini ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ndovu akifa kwa uzee pembeni mwa shamba lako, pembe zake ni nyara za Serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kosa kubwa, na maelezo kwamba umeziokota tu yamewapeleka gerezani watu wasiojua. Toa taarifa siku ile ile.

Nyuki nao wana sura yao. Katika kitabu cha sheria alichokitoa Mfalme Justinian mwaka 533 imeandikwa kwamba kundi la nyuki lililotoka kwenye mzinga wako linabaki kuwa lako maadamu unaliona na kulifuata si taabu kubwa. Likipotea machoni pako, atakayelipata kwanza ndiye mwenyewe. Mrina asali wa Tabora atalielewa hilo bila kufundishwa. Wakamba wa Kenya walikuwa wakichonga alama za ukoo kwenye mizinga na mishale yao, na wafugaji kila upande wa Bonde la Ufa wamekata masikio ya ng'ombe na kuwapiga chapa za ukoo tangu zamani. Tanzania ilitunga sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo mwaka 2010, na miaka ya karibuni hereni za kielektroniki zikaanza kuvalishwa. Teknolojia ni mpya. Swali ni lile lile la yule shahidi kizimbani: utamtambuaje?

Twende Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana za fanicha. Umeona seti ya makochi imekamilika, imepakwa vanishi, inang'aa. Mmepatana bei, umelipa, umesema utakuja na gari kesho. Usiku karakana inaungua. Je, wajua kwamba yameungua makochi yako, wala si ya fundi? Kitu mahususi kilicho tayari kukabidhiwa huwa cha mnunuzi pale pale mnapopatana bila masharti, hata kama malipo au kuchukua mzigo kumeahirishwa, na hatari hufuata umiliki. Isipokuwa mliandikiana vingine, au uzembe wa muuzaji ndio ulioleta moto, hasara ni yako. Lakini kama makochi ulikuwa umeyaagiza na fundi bado anaranda mbao, hapo hujawa na makochi, una ahadi tu, na hasara ya mbao ni ya fundi. Sentensi moja juu ya risiti, kwamba hatari ibaki kwa muuzaji mpaka mzigo ufike kwako, yaweza kukuokolea mamilioni. Sijawahi kuona mtu akiiandika Keko. Ningependa kuiona.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mama yangu alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika upande wa kulia kwa kuguswa na kiganja chake miaka yote. Aliwahi kukopa kwa mtu mmoja wa mtaani kwetu, akachelewa marejesho, na siku moja kirikuu ikasimama mlangoni. Vijana wawili wakaibeba cherehani, wakarudi wakachukua godoro. Hapakuwa na karatasi ya mahakama. Mama alisimama kizingitini ameshika mkasi, akanyamaza, kwa sababu aliamini anayedaiwa hana neno la kusema.

Alikuwa nalo. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, na cha 44 cha sheria kama hiyo ya Kenya, vina orodha ya mali ambazo hata mahakama yenyewe, ikikazia hukumu yake, hairuhusiwi kuzikamata. Nguo za lazima za mdaiwa, mkewe na watoto wao. Vyombo vya kupikia. Vitanda na matandiko. Mapambo ambayo kwa desturi za dini mwanamke hawezi kuachana nayo. Na vifaa vya kazi vya fundi. Orodha hiyo ilitoka India, kwenye sheria iliyotungwa na Waingereza mwaka 1908, na inawapa heshima wadaiwa kuliko inavyofanya mitaa yetu. Aliyeiandika alijua kwamba ukimnyang'anya mshonaji cherehani umemnyang'anya pia uwezo wa kukulipa.

Leo mikopo ya mtaani kama ule wa mama ina jina lake Tanzania: kausha damu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, kwa hiyo swali la kwanza kwa mkopeshaji ni leseni iko wapi. Tahadhari moja: kinga ya kifungu cha 48 inahusu mali inayokamatwa kwa amri ya mahakama. Ukisaini karatasi inayoitaja cherehani yako kuwa dhamana, umeingia kwenye mjadala mwingine kabisa. Soma kabla ya kusaini, na kama maandishi ni ya lugha usiyoielewa, usisaini. Hata hapo, hakuna mkopeshaji mwenye ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu.

Kenya wamekuwa na Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Zinazohamishika tangu 2017. Mfugaji anaweza kuweka ng'ombe rehani, mkulima mazao yaliyo bado shambani, mwanamuziki hakimiliki ya nyimbo zake, na rehani hiyo ikaandikwa kwenye daftari la kitaifa. Ni nafuu kwa asiye na hati ya ardhi. Ina maana pia kwamba trekta unaloliona linauzwa kwa bei nzuri laweza kuwa tayari limefungwa na benki, na daftari hilo liko wazi kwa anayetaka kulikagua kabla ya kununua.

Kuhusu ndoa, hapa tukae kidogo. Je, wajua kwamba nchini Uingereza, mpaka nusu ya pili ya karne ya 19, mwanamke aliyeolewa alikuwa hana karibu chochote anachoweza kukiita chake? Fedha zake, vito vyake, hata ujira wa mikono yake vilihamia kwa mume. Sheria ya 1870 ilimrudishia ujira, na ile ya 1882 ikamruhusu kumiliki mali yake kikamilifu. Mwanamke Mwislamu wa Lamu au Unguja alikuwa na haki hiyo kidini karne nyingi kabla: mahari ni yake, dhahabu aliyorithi ni yake, na mume hana fungu ndani yake asipopewa kwa ridhaa. Na ajabu zaidi, ile sheria ya Kiingereza ya 1882 iliendelea kutumika Kenya mpaka nchi hiyo ilipotunga Sheria ya Mali ya Ndoa mwaka 2013. Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kwamba ndoa haimpi mtu nusu ya mali moja kwa moja, na kwamba kila mmoja aonyeshe mchango wake, ilikuwa ikiamua kesi iliyofunguliwa chini ya sheria hiyo kuukuu.

Tanzania swali la mchango lilijibiwa mapema, mwaka 1983, katika rufani ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama za chini zilisema mama wa nyumbani hakuchangia kitu katika kupatikana kwa mali. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakataa: kupika, kufua, kulea na kuitunza nyumba ni mchango unaohesabika. Wanawake wengi wamepata haki yao kwa hukumu hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao. Mahakama iliona kwamba alipewa na mumewe fedha za mradi wa familia akazitumia vibaya, kwa hiyo fungu lake likahesabika limekwisha. Jina lake linatajwa kila siku na mawakili wanaowatetea wanawake wengine, naye alitoka mikono mitupu. Naona tunawiwa naye angalau kukumbuka hilo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ina mengine machache yanayofaa kujulikana. Kuoana peke yake hakuhamishi umiliki wa kitu. Mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vingine. Iliyoandikwa majina mawili huchukuliwa kuwa sawa kwa sawa. Ukimpa mwenzi wako zawadi, huchukuliwa kuwa yake moja kwa moja. Na zawadi ya uchumba uliovunjika yaweza kudaiwa mahakamani, kama ilitolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe.

Je, mwili wako ni mali yako? Mwaka 1976, huko California, Marekani, mgonjwa wa saratani ya damu aitwaye John Moore alitolewa wengu. Daktari wake akatumia seli za wengu huo kutengeneza aina ya seli zinazoishi maabara, na hataza ikatolewa mwaka 1984. Moore alipogundua, akashitaki kwamba zimeporwa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ikasema seli zikishatoka mwilini si mali anayoweza kuzidai, ila daktari alikosea kutomweleza nia yake ya kibiashara. Wengine wanaweza kuzimiliki. Yeye aliyezaliwa nazo hapana. Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa na bado haijanikaa.

Vitabu vya kielektroniki navyo vina kisa. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali, ndani ya vifaa vya wasomaji waliokwisha kulipa, nakala za vitabu viwili vya George Orwell vilivyokuwa vimeuzwa na muuzaji asiye na haki navyo. Kimoja ni kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kuwa Shamba la Wanyama. Wateja walirudishiwa fedha, na ndipo wengi walipotambua kwamba walichokinunua kilikuwa ruhusa ya kusoma. Shamba la Wanyama la karatasi lililo kwenye kabati lako hakuna anayeweza kulifuta usiku ukiwa umelala.

Na fedha zilizosahaulika? Kenya ina mamlaka maalumu ya mali za kifedha zisizodaiwa, chini ya sheria ya 2011. Salio la M-Pesa lililolala, gawio la hisa na akaunti ya marehemu ambayo hakuna aliyeambiwa huishia huko, zikisubiri wenyewe au warithi. Hazigeuki kuwa za Serikali. Zinatunzwa tu, na anayethibitisha hulipwa.

Cherehani ya mama haikurudi. Baada ya mazishi yake tulikuta risiti yake kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, imekunjwa mara nne, na namba ya mashine aliiandika mwenyewe nyuma kwa kalamu ya risasi. Ushahidi wote alikuwa nao. Hakuna aliyemwambia kwamba unatosha. Kwa hiyo nakuomba, msomaji: kabla hujaligeuza ukurasa huu, piga *#06#, inakili ile namba kwenye daftari, chini yake andika za televisheni, jokofu, pikipiki na cherehani, kisha mwonyeshe mtu mmoja nyumbani daftari hilo linakaa wapi.